Tumsajili nani? Na nani aliyemlea?

NDUGU msikilizaji, ligi kuu ikimalizika nchi hii haipati mapumziko. Kipenga cha mwisho kikilia Jumapili jioni, Jumatatu asubuhi inaanza ligi nyingine isiyo na mwamuzi wala dakika tisini, nayo ni ligi ya usajili. Huchezwa kwenye mabenchi ya wauza kahawa Kariakoo, ndani ya daladala, kwa vinyozi, kwenye foleni za benki, na hata juu ya mikeka ya misibani watu wakishamaliza kula. Swali lake ni moja tu: msimu ujao tumsajili nani?

Nimekuwa katika kazi hii ya utangazaji kwa zaidi ya miaka 20, nami naweza kukuthibitishia kwamba hakuna mada inayojaza simu za studio kama hiyo. Tangaza mjadala wa bei ya korosho, utapata simu nne au tano. Uliza Simba ilete nani katika kiungo, au Yanga itafute mshambuliaji wa aina gani, na fundi mitambo wako ataomba msaidizi. Mtu hupiga kutoka Tandahimba, anakiri kwamba hajawahi kufika Dar es Salaam, kisha anakutajia wachezaji 11 kwa majina na namba zao, wawili wa kuachwa, watatu wa kuongezwa, na anayestahili kupelekwa kwa mkopo.

Wapo wanaomcheka mtu huyo. Mimi simcheki. Nimejifunza kusikiliza neno lake la kwanza. Hasemi "wamsajili". Anasema "tumsajili". Hiyo "tu" yake ina historia ndefu, na ndiyo ninayotaka tuizungumze juma hili.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ikafuata mwaka 1936, kwanza kwa jina la Queens, baadaye Eagles, kisha Sunderland, hadi ilipochukua jina la Simba mwaka 1971. Klabu hizi hazikuanzishwa na tajiri wala na kampuni. Zilikuwa mali ya wanachama, watu wa mjini wenye kadi na ada, na uamuzi wao ulipitia kwenye vikao na mikutano mikuu ambayo mara nyingine ilikuwa mikali kuliko mechi zenyewe. Katika zama zile za soka ya ridhaa mchezaji hakuwa na mkataba wa mamilioni. Kilichomvuta mtu kutoka timu moja kwenda nyingine kilikuwa ni kazi, chumba cha kulala na heshima ya mtaani. Mwanachama mwenye cheo ofisini alimtafutia kijana ajira. Mwenye nyumba alimpa chumba. Mama lishe alimwekea sahani. Kwa hiyo mwanachama wa wakati ule aliposema "tumsajili fulani", alikuwa anasema pia ni sehemu gani ya mzigo ataubeba yeye. Maneno na wajibu vilikwenda pamoja.

Zama hizo zilikuwa na vituko vyake pia. Msimu wa usajili ulipowadia, mchezaji aliyegombewa alifichwa kama mwali, akahamishwa usiku kutoka nyumba hadi nyumba ili upande wa pili usimfikie na fomu zao. Wazee wetu husimulia hadithi hizo kwa kicheko. Lakini zipo habari nyingine za wakati huohuo ambazo hazisimuliwi sana, nazo zina mafunzo makubwa zaidi.

Yanga ilitwaa ubingwa wa Tanzania mara tano mfululizo, tangu 1968 hadi 1972. Katika miaka iliyofuata, chini ya mwalimu wake kutoka Romania, Victor Stanculescu, klabu ile haikutosheka na kikosi cha wakubwa. Ililea pia kikosi cha vijana ambacho wapenzi wa soka walikiita Yanga Kids. Mwaka 1974, pale uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, Yanga iliifunga Simba mabao 2-1 katika mchezo ambao watu wazima wa Kanda ya Ziwa wanausimulia mpaka leo. Ungeona mambo yao yamenyooka.

Hayakuwa yamenyooka. Ugomvi ukaingia ndani ya klabu, wa viongozi na wanachama, wa nani ana haki ya kuamua. Kufikia mwaka 1976 ulikuwa umezaa timu mpya, Pan African, na kundi kubwa la wachezaji likaondoka nayo. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6-0, matatu kati yake yakiwa ya Abdallah Kibadeni. Sifa ya Kibadeni na wenzake haipungui hata chembe. Simba ile ilikuwa timu kweli kweli, ilichukua ubingwa mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980. Lakini ukiuliza upande wa pili ulikuwa na upungufu gani siku ile, jibu halikuwa kwenye orodha ya wachezaji ambao Yanga haikuwasajili. Lilikuwa kwenye orodha ya wale iliokuwa nao ikashindwa kuwatunza. Na Pan African, iliyoondoka na vijana wale, ikawa bingwa wa Tanzania mwaka 1982. Miongoni mwa waliong'ara na jezi yake walikuwemo mlinda mlango Juma Pondamali na Mohamed Rishard, maarufu kwa jina la Adolf. Wote wawili walikuwa katika Taifa Stars iliyokwenda Lagos mwaka 1980 kwenye fainali za Mataifa ya Afrika. Tulisubiri miaka 39, hadi 2019, kurudi kwenye fainali hizo.

Hebu sasa tutoke Dar es Salaam, twende mikoani, maana huko ndiko lilikopelekwa jibu la swali letu kila mwaka.

Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilikuwa bingwa wa Tanzania. Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985 na 1986. Mwaka huohuo wa 1986 Tukuyu Stars, wale Banyambala wa Mbeya, walitwaa ubingwa wa Bara. Coastal Union ya Tanga ikafuata mwaka 1988. Pamba ya Mwanza ikawa bingwa wa Muungano mwaka 1990. Reli ya Morogoro haikupata bahati ya namna hiyo, lakini ilijulikana nchi nzima kama Kiboko ya Vigogo, na jina hilo haikupewa bure. Timu hizi zilikuwa na ardhi yake ya kuota. Nyingine zilikuwa za mashirika ya umma, zikapewa uwanja, basi na ajira kwa wachezaji. Nyingine zilisimama juu ya mabega ya wafanyabiashara na wananchi wa mkoa. Nyuma ya zote kulikuwa na mashindano ya shule, mashindano ya wilaya, na walimu wa michezo waliojua kila mtoto wa kata yao anatumia mguu gani.

Sasa jiulize, timu ya mkoa ikishafanya vizuri, kilifuata nini? Vijiwe vya Dar es Salaam vilisoma orodha ya kikosi chake kama watu wanaosoma orodha ya bidhaa dukani. Huyu beki atatufaa. Yule winga achukuliwe kabla wenzetu hawajamwona. Viongozi walipanda basi na mkoba, na waliporudi hawakurudi peke yao. Tukuyu Stars haikudumu kileleni. Wachezaji wake walitawanyika, wengi wao kwenye timu kubwa za mjini. Edibily Lunyamila, winga ambaye miaka ya 1990 aliwanyima mabeki usingizi akiwa na jezi ya Yanga, alitokea Shinyanga. Tulimshangilia sote. Ni wangapi kati yetu waliouliza Shinyanga ilibaki na nini?

Nisieleweke vibaya. Simlaumu mchezaji anayetafuta maisha. Kijana mwenye kipaji ana haki ya kucheza mbele ya watu elfu 60 na kujenga nyumba ya mama yake. Wala usajili peke yake haukuziua timu za mikoani. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa au kufungwa katika miaka ya 1990, timu nyingi zilipoteza mfadhili wake kwa mkupuo mmoja. Ila jambo moja ni dhahiri. Mti uliokatwa mizizi upande mmoja, na upande wa pili ukawa unachumwa matunda mabichi kila msimu, hauwezi kusimama. Pamba ilishuka, na ilichukua miaka zaidi ya 20 kurejea ligi kuu, ilipopanda tena mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Hesabu za ubingwa ndizo zinazotoa ushahidi. Baada ya Mtibwa Sugar kutwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000, kwa robo karne iliyofuata, hadi msimu wa 2024/25, ni klabu moja tu nje ya Simba na Yanga iliyofanikiwa, nayo ni Azam mwaka 2014. Azam nayo ni ya Dar es Salaam.

Tuje kwenye zama za fedha. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka sare ya bila kufungana na Stella mjini Abidjan, kisha ikafungwa 2-0 nyumbani, na Dar es Salaam ikalala kimya usiku ule. Mwaka huohuo Yanga ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mjini Kampala. Kuanzia hapo wafadhili wakawa ndio wenye kauli katika usajili, na macho yetu yakavuka mipaka. Utakumbuka mwaka 2012, Simba na Yanga zilivyomgombea beki Mbuyu Twite kutoka Rwanda. Kila upande ulidai ni wake, na mwishowe akatua Dar es Salaam akiwa amevaa jezi ya Yanga yenye jina la mwenyekiti wa Simba wa wakati ule mgongoni. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Januari 2013 Simba ilimuuza Emmanuel Okwi kwa Etoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Vijiweni fedha hizo zilishagawanywa kabla hazijafika, mara walete beki, mara walete kiungo. Hazikufika kwa wakati, suala likaenda FIFA, na kabla mwaka haujaisha Okwi alikuwa amesaini Yanga. Mwaka uliofuata akarudi Simba. Na Julai 2024 Clatous Chama, ambaye Simba walimwimba tangu 2018, alivuka barabara kwenda Jangwani, na simu za studio kwangu hazikupoa kwa juma zima.

Kwa haki kabisa lazima niseme kwamba fedha hizi zimeleta matunda. Simba ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021, na mwaka 2019 ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Yanga ikajibu kwa mara nne zake, 2022 hadi 2025. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger. Mwaka 2025 Simba nayo ilifika fainali hiyo na kufungwa na RS Berkane. Wageni waliosajiliwa vizuri walitufundisha mengi, na Fiston Mayele aliondoka nchini akiwa mfungaji bora wa shindano lile la 2023. Anayesema wageni wote ni hasara hasemi kweli.

Lakini fedha zina mazoea yake. Ukizizoea, unasahau kulima. Simba iliwahi kupandisha kundi la vijana wa kikosi chake cha pili, akiwemo Jonas Mkude, aliyeitumikia timu ya wakubwa kwa zaidi ya miaka kumi. Yanga ilimpandisha Clement Mzize kutoka timu yake ya vijana, na tumeona alichokifanya. Sikiliza mijadala yetu sasa. Ni nani aliyewahi kupiga simu studio akasema, "Msimu huu tusisajili mshambuliaji, tumpe nafasi yule kijana wetu wa chini ya miaka 20"? Katika miaka yangu yote ya kazi, simu za namna hiyo naweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. FIFA ina utaratibu unaoitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha za mauzo hugawanywa kwa klabu zote zilizomlea tangu akiwa na umri wa miaka 12 hadi 23. Chukua mfano wa Mbwana Samatta. Alitoka African Lyon, akapita Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, kisha Genk mwaka 2016, na Januari 2020 akauzwa Aston Villa ya Uingereza. Katika safari ya namna hiyo sheria inamtambua kila aliyemlea, hata yule wa mwanzo kabisa. Ni sheria yenye hekima ya Kiswahili, kwa maana mcheza kwao hutunzwa, na aliyemfundisha kucheza naye asisahaulike.

Lakini kijana akitoka timu ya mtaani mkoani kwenda klabu kubwa ya hapahapa nchini, mchango huo haumfikii mlezi wake. Niliwahi kuzungumza na mwalimu wa timu ya vijana katika wilaya moja ya kusini, ambaye sitamtaja, wala sitaitaja klabu. Kijana wake alikaa naye tangu darasa la tano. Alimnunulia viatu vya kwanza, akambembeleza baba yake amruhusu, akamtibu goti kwa fedha za mfukoni. Siku walipomchukua aliahidiwa jezi seti moja na mipira. Mipira ilikuja miwili. Jezi hazikuja. Nilimuuliza kama ana kinyongo. Akaniambia, "Kinyongo sina, mwanangu. Nikimwona kwenye televisheni nafurahi. Ila nina watoto 40 hapa, na mpira mmoja kati ya ile miwili umeshapasuka."

Nimeifikiria hesabu hiyo mara nyingi. Klabu inatumia mamilioni kumleta mchezaji mmoja kwa ndege, nasi tunampokea kwa matarumbeta. Watoto 40 wanagombea mpira mmoja, na katika wao huenda yumo yule tunayemtafuta nje. Hakuna kijiwe kinachomjadili, kwa sababu bado hana jina.

Ndugu msikilizaji, siku hizi klabu zetu zimeingia katika mfumo wa wawekezaji. Usajili unaamuliwa na bodi na wakurugenzi, na ndivyo ilivyo duniani. Ile "tu" ya mtu wa Tandahimba imebaki na nguvu gani basi? Nadhani imebaki na nguvu ya kuuliza. Mwanachama bado ana kadi, ana mkutano mkuu, ana sauti ambayo kila kiongozi anaiogopa. Kanuni za leseni za klabu za CAF zinataka klabu iwe na mpango wa kuendeleza vijana. Mwanachama anaweza kusimama mkutanoni akauliza: timu yetu ya vijana ina mwalimu? Inafanya mazoezi wapi? Ni wangapi wamepandishwa mwaka huu, na wangapi wameachwa waende zao bila mtu kuwaangalia? Anaweza kuuliza pia, tulipomchukua yule winga kutoka mkoani, timu yake tuliiachia nini? Na viongozi wa soka nao waulizwe, kwa nini mlezi wa ndani asitambuliwe kwa kanuni yetu wenyewe, hata kama ni kwa asilimia ndogo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tumezoea kunyoosha shingo kuangalia nani anashuka kwenye ndege, na kuinama kumetushinda. Lakini Pondamali wa kesho, na Samatta wa kesho, hawako kwenye ndege. Wako viwanjani penye vumbi, saa kumi jioni, na wengi wao hawana viatu.

Basi ligi ya usajili iendelee, nami simu zenu nitazipokea kama kawaida, za Msimbazi na za Jangwani. Ninaomba tu kwamba atakayepiga na kunitajia jina la mchezaji wa kusajiliwa aniambie pia ni nani aliyemlea, na wapi. Kama hajui, aulize kwanza, kisha apige. Nitamngoja.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.